Magemu Yaliyotokana na Muvi Kali: Lipi Uchukue, Lipi Uache

Kijana anashuka Kariakoo na hela aliyoidunduliza, anaona kasha la gemu lenye sura anayoijua kutoka kwenye muvi, analichukua bila hata kuuliza. Akifika nyumbani Tandika, ndani ya saa moja ameshalichoka na padi iko pembeni. Muvi ilikuwa tamu, gemu halina ladha. Wengi wakishapatwa na hilo huapa kwamba muvi nzuri haiwezi kuzaa gemu zuri, wanarudi zao kwenye magemu ya mpira na San Andreas. Mimi nakataa. Inawezekana na imeshatokea, tena kwa muvi zenye heshima kubwa duniani. Kinachotakiwa ni kujua utazame nini kabla hujatoa hela.

Muvi inakufunga mikono. Pale kibanda umiza mhusika anapokwenda kufungua mlango usiofunguliwa, ukumbi mzima unapiga kelele "Usifungue!", naye anafungua. Hofu, hasira na huruma unayoisikia inatokana na kwamba huwezi kumshika mkono. Gemu linakukabidhi padi, sasa mlango ni wako. Usipotaka kufungua, hufungui. Ndiyo maana kugeuza muvi kuwa gemu ni kazi ngumu kuliko kuchukua sura za waigizaji na muziki wao. Mtengenezaji akishakupa mikono, lazima aamue atakunyima nini. Gemu bovu hukupa kila kitu, bunduki, gari, ushindi, na kile kilichoifanya muvi ikuume kinapotea. Gemu zuri hukunyima kilekile ambacho muvi ilimnyima mhusika wake.

Kwa kipimo hicho nitayaweka mawili mawili, pengine matatu, na nitasema wazi ni lipi ningechukua.

Lililoharakishwa na lililosubiriwa

Kwanza muda, kwa sababu hapo ndipo mengi yalipofia.

Muvi ya E.T. ya Steven Spielberg ilitoka mwaka 1982 ikapendwa dunia nzima. Kampuni ya Atari ikataka gemu lake liwe madukani Krismasi ya mwaka huohuo. Howard Scott Warshaw, aliyelitengeneza, alipewa kama wiki tano tu. Kilichotoka ni kiumbe anayetumbukia mashimoni, unamtoa, anatumbukia tena. Mwaka 1983 Atari ikafukia shehena ya bidhaa zake kwenye dampo la mji wa Alamogordo, New Mexico, na walipokwenda kuchimbua mwaka 2014 kaseti za gemu hilo zilikutwa humo. Huyu mtu hakuwa mbumbumbu, alikuwa ameshatengeneza magemu mazuri kabla ya hapo. Alinyimwa muda.

Enter the Matrix ya mwaka 2003 ina funzo gumu zaidi. Waongozaji wenyewe wa The Matrix waliiandika hadithi yake na wakapiga kama saa nzima ya picha mpya kwa ajili ya gemu tu. Hukupewa Neo, shujaa wa muvi. Ulipewa Niobe na Ghost, wahusika wa pembeni, wazo ambalo ni zuri kabisa. Lakini ilikuwa lazima litoke siku moja na muvi ya pili, The Matrix Reloaded. Likatoka na kasoro kibao, mtu anapita ukutani, magari yanaganda. Liliuza sana hata hivyo.

Sasa liweke kando yao GoldenEye 007, gemu la muvi ya jasusi James Bond. Muvi ilitoka mwaka 1995. Gemu, lililotengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64, lilikuja Agosti 1997, karibu miaka miwili baadaye, watu wakiwa wameshaacha kuizungumzia muvi. Kundi lilikuwa dogo, na wengi wao hawakuwahi kutengeneza gemu lolote. Likauza nakala zaidi ya milioni nane.

Walichofanya kinaonekana kwenye leveli ya kwanza tu. Muvi inaanza na Bond akikimbia juu ya bwawa na kujirusha kwa kamba, kitu cha dakika chache. Gemu likauliza: huyu mtu alifikaje pale? Likakupa njia nzima. Minara ya walinzi unayoipita mmoja mmoja, handaki la barabara, lori linalopita langoni ambalo ukiwa mjanja unajificha nyuma yake. Ukiteremka kote huko ndipo unafika kwenye ukingo na kuruka. Kuruka kwenyewe ni kulekule kwa kwenye muvi, ila sasa umekuhangaikia. Na ukichagua ngazi ya juu ya ugumu, wanakuongezea kazi za kijasusi ndani ya leveli ileile, siyo maadui tu. Bond wa kwenye muvi ana misheni, hakwenda kufyatua risasi tu, na gemu lilikukumbusha hilo kila mara uliposhindwa kwa kuvunja kompyuta uliyotumwa kuitumia.

Ule mchezo wa watu wanne kwenye skrini moja ulioliletea jina uliongezwa miezi ya mwisho. Nintendo si mashine ya mtaani kwetu, kwa hiyo wachache mjini watakaolipata kirahisi. Tangu Januari 2023 lipo kwenye Xbox na Switch, kama una rafiki mwenye nazo.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani: gemu limetoka mwaka mmoja na muvi yake? Kama ndiyo, shika pochi yako vizuri. Kuna walionusurika, mmoja nitamtaja mbele, lakini ni wachache.

Magenge matatu ya PS2

Vibanda vya gemu na sebule nyingi za Dar bado zina PS2, na bahati nzuri magemu ya muvi tatu za kihalifu zenye majina yalitolewa kwa mashine hiyo ndani ya mwaka mmoja na kitu. The Warriors ilitoka mwaka 2005, The Godfather na Scarface: The World Is Yours mwaka 2006. Yakikaa pamoja mezani yanafanana, mitaa, magenge, wanaume wagomvi. Ni magemu tofauti kabisa.

The Godfather ya Francis Ford Coppola, mwaka 1972, iko kwenye karibu kila orodha ya muvi bora kuwahi kutengenezwa. Ilipata Oscar ya filamu bora, na Marlon Brando akapewa ya mwigizaji bora akaikataa. Gemu lake likajitahidi kuheshimu. James Caan na Robert Duvall walirudi kurekodi sauti. Brando naye alirekodi kabla hajafariki mwaka 2004, ila sauti ilikuwa imeshadhoofika, sehemu kubwa ikabidi ifanywe na mtu mwingine. Al Pacino, aliyemwigiza Michael, mtoto wa bosi, hakushiriki, hivyo Michael wa kwenye gemu ana sura ngeni. Coppola mwenyewe alisema hadharani kwamba hakushirikishwa na hakulikubali.

Unacheza kijana mpya anayeitwa Aldo Trapani, anayepanda ngazi ndani ya familia ya kimafia ya Corleone, akiwa karibu na kila tukio kubwa. Bastola ile ya chooni kwenye mgahawa, ni wewe unayekwenda kuiweka. Kichwa cha farasi, na wewe upo. Mara ya kwanza inasisimua. Ya tatu unagundua kwamba umegeuzwa mtu wa kubeba mizigo kwenye muvi ya watu wengine.

Kuna kitu kimoja kizuri humo, nacho ni maduka. Unaingia kwa kinyozi au muuza nyama, unamtaka alipe ulinzi. Anagoma. Unamkunja shati, unamsukuma kaunta, unavunja chupa moja. Pembeni kuna kipimo kinapanda: ukimtisha kidogo halipi, ukizidisha anapandwa na wazimu anakurudi na hupati kitu. Lazima usome uso wake ujue pa kuishia. Hapo kwa dakika chache unaielewa biashara ya hawa watu kuliko muvi ilivyoionyesha. Halafu unafanya hivyohivyo kwenye duka linalofuata, na linalofuata, New York nzima, mpaka unakuwa Don, yaani bosi.

Na hapo ndipo linapovunjika. Muvi ile inamhusu Michael anayepata kila kitu na kujipoteza mwenyewe. Mlango unafungwa mbele ya mkewe, nawe ulijua tangu mwanzo unakoelekea na hukuweza kumzuia. Gemu linakupongeza kwa kuuteka mji. Halikukunyima chochote.

Scarface limekwenda njia nyingine kwa makusudi. Muvi ya Brian De Palma ya mwaka 1983 inaisha na Tony Montana akipigwa risasi kwenye jumba lake. Gemu linaanza na risasi zilezile, ila safari hii Tony unamwongoza wewe na anatoka hai, kisha anaanza upya kutoka sifuri kule Miami. Pacino aliruhusu sura yake, na sauti ikafanywa na André Sogliuzzo ambaye Pacino mwenyewe alimkubali. Kwa mikono, ni gemu tamu kuliko The Godfather. Linasukumwa na hasira ya Tony, na lina kizuizi kimoja walichokifikiria vizuri: ukimlenga raia asiye na hatia, Tony hafyatui. Kwenye muvi ndilo lililomponza, alikataa kuua mke na watoto wa mtu. Wakalichukua hilo wakalifanya sheria. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini kumwokoa Tony ni kuifuta muvi, kwa sababu muvi yote ilikuwa inaporomoka kuelekea kwenye zile ngazi za jumba lake.

Ningechukua The Warriors, bila kufikiri mara mbili. Muvi yake, ya Walter Hill, mwaka 1979, ni hadithi rahisi. Genge la vijana kutoka Coney Island linakwenda mkutano mkubwa Bronx, kiongozi aliyeitisha mkutano anauawa, wao wanasingiziwa, na inabidi warudi nyumbani usiku huohuo wakipita maeneo ya magenge mengine yote. Rockstar, waliolitengeneza gemu, hawakuanzia hapo. Walirudi nyuma miezi mitatu, wakakuonyesha genge likiundwa, nani aliingiaje, ugomvi na majirani ulianzia wapi. Usiku wa kwenye muvi unaufikia mwishoni kabisa mwa gemu. Ukifika, wale vijana unawajua kwa majina na kwa tabia, na yule anayeangukia njiani unamlilia kuliko ulivyomlilia kwenye muvi, ambako ulikuwa umekutana naye nusu saa tu iliyopita.

Na halikupi utajiri. Hakuna jumba, hakuna mji wa kuuteka. Kuna ngumi, dawa ya kujitibu unayoinunua kwa hela ya kupora redio za magari, na mwenzako aliyefungwa pingu ambaye lazima umrudie umfungue, na wewe ukifungwa yeye anakurudia. Kwa kibanda, hili lina faida ambayo mengine hayana. Watu wawili wanacheza hadithi nzima pamoja kwenye skrini moja. Kule kwenye mpira aliyefungwa anaachia padi. Hapa mnakwenda wote.

Mzazi anayesoma hapa ajue kwamba matatu haya si ya watoto. Damu, matusi na dawa za kulevya vimejaa.

Wanyama wengi au mnyama mmoja

Kama ningeruhusiwa kutoa mfano mmoja tu wa muvi kubwa iliyozaa gemu kubwa, ningetoa Alien. Na bahati iliyoje kwamba familia hiyohiyo imetoa na mfano wa kinyume, mwaka mmoja tu nyuma.

Alien ya Ridley Scott ni ya mwaka 1979, meli ya mizigo angani, watu saba, mnyama mmoja ambaye unamwona kwa dakika chache sana. Mwaka 1986 James Cameron akaja na Aliens, na safari hii ni wanajeshi wenye silaha nzito wanaokwenda kupambana na kundi zima. Zote mbili zinaheshimika. Kwa mtengenezaji wa gemu, ya pili ndiyo inaonekana rahisi, si bunduki zipo tayari?

Aliens: Colonial Marines ilitoka Februari 2013 ikifuata njia hiyo. Wanyama wanakukimbilia usoni wanakufa, wengine wanaganda kwenye kona. Picha zilizotangulia kuonyeshwa kwa umma zilikuwa nzuri kuliko bidhaa yenyewe, kiasi kwamba wanunuzi Marekani walikwenda mahakamani. Miaka kadhaa baadaye ikagundulika kwamba kwenye faili moja la mipangilio la toleo la kompyuta kulikuwa na neno lililozidishwa herufi moja, na ukilisahihisha wanyama wanapata akili kidogo. Watu walilicheka sana hilo, lakini herufi siyo ugonjwa wenyewe. Kwenye muvi ya Cameron wale wanajeshi wana kila silaha na bado wanakwisha. Silaha haziwasaidii, hiyo ndiyo hofu yake. Kwenye gemu silaha zinasaidia.

Alien: Isolation ilitoka Oktoba 2014. Kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza ilikuwa inajulikana kwa magemu ya vita vya kihistoria, hakuna aliyetegemea. Wakaruka muvi ya pili wakarudi ile ya kwanza. Unacheza Amanda Ripley, binti wa Ellen Ripley, shujaa wa muvi, miaka 15 baada ya mama yake kupotea, ukimtafuta kwenye kituo cha angani kinachosambaratika. Kwa sehemu kubwa ya gemu mnyama ni mmoja, na hauliwi. Bastola utapata, na ukiitumia dhidi yake umejiita chakula. Kirusha moto kinamfukuza tu, anarudi.

Kuna jinsi walivyomjenga ambayo inafaa kueleweka. Programu ina akili mbili. Moja inajua uko wapi wakati wote, lakini yenyewe haimwongozi mnyama. Inamdokeza tu, jaribu upande ule. Ya pili ni mnyama mwenyewe, naye anategemea macho na masikio yake. Kwa hiyo hakuna njia ya kukariri. Ukifa ukarudi, atapita kwingine. Ukijificha kabatini mara nyingi, ataanza kuyakagua makabati.

Kabati ndilo nataka nikusimulie. Umesikia mikwaruzo kwenye bomba la hewa juu ya dari, ukaingia kabatini ukafunga. Unaona kupitia vipenyo vya mlango. Mkia unapita kwanza. Anasimama. Anasogeza kichwa mpaka kwenye vipenyo, na hapo gemu linakutaka ufanye vitu viwili kwa padi, kujirudisha nyuma na kubana pumzi. Ukibana muda mrefu afya inashuka, ukiachia mapema amekusikia. Kile kifaa cha kutambua mwendo mkononi mwako kinalia pi, pi, pi, na ukikiinua ukitazame, macho ya Amanda yanashika kioo cha kifaa na korido iliyo mbele inakuwa ukungu. Huwezi kutazama vyote viwili. Wamekupa mikono, wamekupa na macho, na bado umefungwa kama ulivyofungwa kwenye kiti mwaka 1979. Sijaona gemu jingine lililoitendea muvi haki kiasi hiki.

Hata vyombo vyake ni vya zamani kwa makusudi, skrini nene za kijani, vitufe vikubwa, kanda. Waliyarekodi maandishi ya skrini hizo kwenye kanda za video halisi na kuyachafua, ili yatetemeke kama ya kwenye muvi. Kosa lake ni urefu. Lingeisha saa tano kabla, lingekuwa kamili.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoishi na umeme unaokatika. Gemu hili halijihifadhi ovyo. Kwenye kuta kuna vituo kama simu za dharura. Unachomeka kadi, unasubiri taa tatu ziwake moja baada ya nyingine, ndipo linahifadhi, na mnyama anaweza kukuchoma mkia mgongoni ukiwa unasubiri ya tatu. Kati ya kituo na kituo umeme ukikatika, umerudi ulikotoka. Kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima au kwenye simu huna wasiwasi. Kwenye mashine ya ukutani bila chanzo kingine cha umeme, chagua usiku ambao mtaa wako umetulia.

Na usilipeleke kibandani. Mwenye kibanda mmoja Manzese aliniambia, "Kaka, hapa mtu analipia dakika. Hawezi kulipia kukaa kabatini." Ana haki kabisa. Hili ni la peke yako, usiku, masikio yamezibwa na spika za masikioni.

Matatu ya kupita haraka

Spider-Man 2 ya mwaka 2004 ndiye yule aliyenusurika niliyemtaja, alitoka pamoja na muvi ya Sam Raimi na bado ni mzuri. Utando unashika kwenye jengo lenyewe, hauning'inii hewani, hivyo kuruka mji ni ufundi unaojifunza. Na kuna kazi ya kupeleka piza. Muvi inaanza na Peter Parker akichelewesha piza, na gemu likakupa kazi hiyohiyo kwa muda wa kuhesabiwa. Ukijipindua sana angani piza zinaharibika. Una nguvu za kuinua gari na unahangaikia boksi la chakula. Huyo ndiye Peter. Kwa mtoto, anza na hili. Ila chukua la PS2. La kompyuta lina jina lilelile na kasha linalofanana, lakini ni gemu jingine kabisa, dogo na dhaifu. Hilo limewaumiza wengi.

RoboCop: Rogue City, Novemba 2023, kutoka kwa Teyon wa Poland. Watu haohao mwaka 2014 walitoa gemu la Rambo lililozomewa dunia nzima, kwa hiyo heshima yangu kwao ni kubwa. Peter Weller wa muvi ya mwaka 1987 amerudi na sauti yake. RoboCop hachuchumai, haruki, anatembea kwa uzito wake, na kati ya mapigano unaandikia watu faini za maegesho na kusikiliza shida za raia kaunta ya kituo. Ni mashine inayojaribu kukumbuka kwamba ilikuwa mtu. Walimwelewa.

Indiana Jones and the Great Circle, Desemba 2024. Unaona kupitia macho yake, bastola haina maana sana, na utashinda kwa mjeledi, kujibadilisha nguo na kikaango ulichokiokota jikoni mwa adui. Ni zuri sana, na wengi wetu tutalitazama YouTube tu. Kwenye kompyuta linataka RAM ya gigabaiti 16, kadi ya picha ya kisasa yenye gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 120. Mwenye PS5 analipata tangu Aprili 2025.

Lugha na mashine

Muvi nyingi za nje tulizikuta kibanda umiza zikiwa na mtu anayetusimulia kwa Kiswahili, anayeweka na vionjo vyake. Gemu halina msimulizi. Asiyeshika Kiingereza vizuri atapotea kwenye The Godfather, ambako watu wanaongea kuliko kupigana, na atapitwa na nusu ya utamu wa RoboCop. The Warriors analielewa kwa macho. Spider-Man pia. Alien: Isolation ina maneno machache na hofu haihitaji mkalimani, ingawa maelekezo ya kufungua milango na kutengeneza vifaa yatamsumbua mwanzoni.

Mwenye PS2: The Warriors kwanza, Spider-Man 2 la pili, Scarface kama umri unaruhusu. The Godfather chukua kama unaipenda muvi kiasi cha kutaka kutembea ndani yake tu. Mwenye kompyuta ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 4 na kadi ndogo ya picha ya gigabaiti 1, Alien: Isolation inaingia, ila iachie gigabaiti 35 za diski, na uipakue kwa intaneti ya kazini au chuoni kuliko kwa bando. Ile ya simu ilitoka Desemba 2021 kwa Android na iPhone, nayo ni gemu zima, halijapunguzwa. Simu ya kawaida ya bei nafuu haitaliweza, angalia orodha ya simu zinazokubalika kabla hujalipa.

Na muvi zetu?

Nafikiria sana Vuta N'Kuvute. Amil Shivji aliiongoza kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin aliyeikimbia ndoa asiyoitaka, Denge anayepambana na ukoloni wa Mwingereza. Ukimwambia mtu ageuze muvi hiyo kuwa gemu, wa haraka atakuletea Denge mwenye bunduki juu ya paa la Mji Mkongwe. Litakuwa Colonial Marines la pili.

Kwa kipimo nilichotumia hapa, Denge hana bunduki. Ana magazeti yaliyopigwa marufuku chini ya kanzu na vichochoro ambavyo mchezaji lazima avijue. Askari ni wale wale kila siku, kwa hiyo wanaanza kuikariri sura yako. Ukikimbia unaonekana, ukisimama sana kwenye baraza moja unaulizwa. Na Yasmin unamcheza yeye siku nyingine, mtaa uleule, na kila mlango uliokuwa wazi kwa Denge kwake una macho ya watu. Anayemfahamu mama yake anaweza kuwa hatari kuliko polisi. Si gemu la mamilioni ya dola. Vijana wanaoandika programu mjini hapa wakikaa na mtu wa Unguja anayevijua vichochoro hivyo, leveli moja wanaiweza, ya Denge, kutoka Darajani hadi Forodhani kabla ya alfajiri. Mimi ningelipia hiyo leveli moja tu, kabla hawajatengeneza ya pili.